Gurudumu na Umbo: Uhakiki wa Magurudumu ya Gari la Michezo la Zamani

Na mwalimu wa lugha, Rubona, Gisenyi

Utangulizi

Uhakiki katika shule zetu umezoea kukaa vitabuni. Tunawafundisha wanafunzi kuchambua fani na maudhui ya riwaya, tamthilia na ushairi, kisha tunawaachia wenyewe vitu vingine vyote wanavyovitazama na kuvisifu kila siku: nguo, nyumba, ngoma, vyombo vya safari. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi awezaye kueleza kwa nini ubeti fulani umelegea hawezi kueleza kwa nini gari fulani limemvutia. Husema tu kwamba linapendeza, na akiulizwa sababu hulirudia neno lilo hilo kwa sauti kubwa zaidi.

Katika makala haya nakusudia kuhakiki jambo moja ambalo vijana wa huku kwetu hulijadili kwa hamu kuliko wanavyojadili kitabu chochote cha mtaala, nalo ni uchaguzi wa magurudumu yanayolingana na umbo la gari. Mfano nitakaoutumia ni gari la michezo la zamani, Datsun 240Z. Gari hili hatulioni katika barabara za Rubona. Wengi wetu tunalijua kwa picha. Lakini historia yake ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki, kwani liliyashinda mashindano ya magari ya Safari mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1973. Aidha, umbo lake ni safi kiasi kwamba kosa lolote la magurudumu huonekana mara moja, kama doa kwenye kanzu.

Hoja yangu ni hii: gurudumu zuri ni lile linalomfanya mtazamaji alione gari, gurudumu baya ni lile linalomfanya aone gurudumu.

Huenda mwenzangu akauliza jambo hili lina uzito gani katika taarifa ya walimu wa Kiswahili. Lina uzito wa namna mbili. Kwanza, kuna fedha za watu. Vijana wengi hapa Rubavu, mafundi na madereva, hutumia akiba ya miezi mingi kununua magurudumu mapana yang'aayo kwa ajili ya Corolla na Carina za zamani, kisha barabara ya mawe huyapinda kabla ya mwaka kwisha. Pili, mtu asiyeweza kueleza ladha yake hutawaliwa na muuzaji. Mwenye duka humwambia kipya ndicho kizuri, naye hana neno la kumjibu. Kazi ya mwalimu wa lugha ni kumpa mtu huyo maneno.

Maneno tutakayoyatumia

Gurudumu lina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni tairi, yaani mpira wenyewe unaogusa barabara. Ya pili ni sehemu ya chuma au ya madini mepesi inayolishika tairi. Huku kwetu, kwa athari ya Kifaransa, watu huiita janti, na wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita ringi au rimu. Nitatumia ringi. Katikati ya ringi pana kitovu, ambapo gurudumu hufungwa kwa nati. Mikono inayotoka kitovuni kwenda ukingoni nitaiita njiti, ingawa gereji nyingi husema spoki. Sehemu ya pembeni ya tairi, kati ya ringi na barabara, nitaiita ukuta wa tairi.

Kila tairi la kisasa huandikwa vipimo vyake ubavuni, na yafaa kila mwanafunzi ajue kuvisoma. Tukikuta maandishi 195/65 R 15, maana yake ni kwamba tairi lina upana wa milimita 195, ukuta wake una urefu wa asilimia 65 ya upana huo, nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na ringi yake ina kipenyo cha inchi 15. Kwa hesabu ya darasa la sita tunapata urefu wa ukuta, na tukiuzidisha mara mbili na kuongeza kipenyo cha ringi, tunapata kimo cha gurudumu zima. Hesabu hii tutaihitaji punde.

Fani ya Datsun 240Z

Gari hili lilitolewa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nchi za nje likauzwa kwa jina la Datsun 240Z. Kikundi cha wachoraji wa umbo lake kiliongozwa na Yoshihiko Matsuo. Injini yake ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wa lita 2.4.

Umbo la gari latokana na injini hiyo. Kwa kuwa silinda sita katika mstari mmoja zahitaji nafasi ndefu, boneti ni ndefu. Kwa kuwa gari ni la watu wawili tu, chumba ni kifupi na kimesogea nyuma, karibu na ekseli ya nyuma. Mstari mmoja huanzia kwenye taa za mbele, zilizozama ndani ya madigadi kama macho ndani ya paji la uso, ukapanda juu ya paa na kuteremka hadi mkiani bila kukatika. Ubavuni hakuna mapambo mengi. Chuma cha kung'aa ni kidogo, hasa kwenye bampa nyembamba na pembezoni mwa madirisha.

Hivyo basi, ukilitazama gari hili kwa ubavu unaona mambo mawili tu yenye nguvu: mstari mrefu ulioinama, na duara mbili. Duara ya mbele na duara ya nyuma hufanya kazi ile ifanywayo na kina cha kati na kina cha mwisho katika mshororo wa shairi la kimapokeo. Ndizo zinazoushika mstari usielee. Zikiwa hafifu, mstari hulegea. Zikiwa nzito mno, msikilizaji husikia vina tu na kukosa maneno. Hapo ndipo penye ugumu wote wa kuchagua gurudumu la gari hili.

Kipimo cha kwanza: ukubwa

Gurudumu la asili la 240Z lilikuwa na ringi ya chuma yenye kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4.5, ikivaa tairi la upana wa milimita 175. Kuta za matairi ya wakati ule zilikuwa ndefu, takriban asilimia 80 ya upana. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na urefu wa milimita 140 hivi, na gurudumu zima lilikuwa na kimo cha milimita 636 hivi. Tukigawanya, tunaona kwamba ringi ilichukua asilimia 56 ya kimo, na mpira ulichukua kilichobaki.

Sasa tuchukue gurudumu wanalolipenda vijana wa leo, la inchi 17, na tairi la 225/45. Kimo chake ni kama milimita 634, karibu sawa na lile la asili. Lakini ukuta umepungua kutoka milimita 140 hadi 101, na ringi sasa inachukua asilimia 68 ya kimo. Gurudumu halikukua, kilichokua ni chuma, na mpira umekonda. Mtazamaji huona sahani kubwa mbili zinazong'aa chini ya mwili mwembamba, na mara moja mwili huonekana umesinyaa. Boneti iliyokuwa ndefu yaonekana fupi, kwa sababu jicho hupima urefu wake kwa kuulinganisha na duara iliyo karibu.

Kwa upande wa pili, tukichukua ringi ya inchi 15 na tairi la 195/65, kimo ni milimita 634 na ringi inachukua asilimia 60. Tofauti ni ndogo. Mpira bado ni mwingi vya kutosha kulifanya gari lionekane limeketi, na ringi imepata nafasi ya kuonyesha njiti zake. Kwa maoni yangu inchi 15 ndiyo inayolifaa gari hili zaidi, inchi 14 ni halali kabisa, na inchi 16 ni mpaka wa mwisho. Kuvuka hapo ni kuligeuza gari kuwa kigari cha kuonyeshea ringi.

Upana nao una sheria yake. Inchi 4.5 ni chache mno kwa madigadi za gari hili; tairi huonekana limejificha ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Upana wa inchi 6 au 7 huleta tairi karibu na ukingo wa madigadi, ambapo ndipo mahali pake. Lakini upana peke yake hautoshi, maana yategemea pia bapa la kitovu liko wapi ndani ya ringi. Bapa likiwa limezama sana upande wa ndani, gurudumu zima hutokeza nje ya mwili. Wako wanaopenda hivyo. Wajue kwamba kila inchi inayotokeza huongeza mzigo juu ya beringi na kuufanya usukani kuwa mzito, tena hurusha matope na changarawe juu ya ubavu wa gari. Katika jambo hili kosa la macho na kosa la ufundi ni kosa moja.

Upatanisho wa njiti na nati

Walimu wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa umuhimu wa upatanisho. Kiima kikiwa cha ngeli fulani, kitenzi na vivumishi hukifuata. Vikikataa, hata mtoto anayeanza shule huhisi kwamba sentensi imevunjika. Katika magurudumu pia upo upatanisho, nao ni wa hesabu.

Kitovu cha Datsun 240Z hufungwa kwa nati nne. Ringi yenye njiti nne au nane hupatana nazo: kila nati hukaa mahali palepale kwa kulinganisha na njiti iliyo jirani. Ndiyo sababu ringi za njiti nane zimekubaliwa sana na wapenzi wa gari hili. Mashuhuri kati yake ni zile za RS Watanabe wa Japani, na zile za Minilite wa Uingereza zilizoanza kutumiwa kwenye magari madogo ya mashindano katika miaka ya 1960. Ukiweka ringi ya njiti tano juu ya nati nne, nati moja itaangukia chini ya njiti, ya pili pembeni, ya tatu katikati ya uwazi. Mtazamaji huenda asijue kinachomsumbua, lakini atasumbuka.

Ushahidi wa kinyume unathibitisha hoja hiyo hiyo. Porsche 911 ya mtindo wa S, iliyotolewa mwaka 1966, ilipewa ringi za madini mepesi zilizotengenezwa na kampuni ya Otto Fuchs ya Ujerumani. Ringi hizo zina majani matano kama ua, na kitovu cha gari lile hufungwa kwa nati tano. Hesabu inakubaliana, na watu wengi huzihesabu ringi zile kuwa miongoni mwa bora zilizowahi kubuniwa. Lakini ringi hizo hizo tukizihamishia kwenye Datsun, zitakuwa kama methali nzuri iliyosemwa mahali pasipo pake. Majani ya Fuchs ni ya mviringo kwa sababu Porsche yenyewe ni ya mviringo. Datsun ina kingo kali zaidi, nayo yataka njiti zilizonyooka.

Naongeza tahadhari. Upatanisho huu si sheria ya serikali. Ringi ya njiti nyingi nyembamba, au ile iliyofunika nati zake chini ya kofia ndogo, huliepuka swali lenyewe. Mchoraji hodari aweza kuuvunja upatanisho kwa kusudi, kama mshairi avunjavyo sarufi. Lakini anayevunja kwa kusudi hujulikana, na anayevunja kwa kutojua hujulikana vilevile.

Zama za gari na zama za gurudumu

Kila gurudumu limetoka katika wakati wake na hubeba harufu ya wakati huo. Jaguar E-Type ilipoonyeshwa Geneva mwaka 1961, ilivaa magurudumu ya nyaya, yenye nyaya 72 kila moja, yaliyofungwa kwa nati moja kubwa katikati. Yaliipendeza kweli. Gari lile lilikuwa na umbo la kuviringa, likatoka katika desturi ya Waingereza ya magari ya mbio ambayo magurudumu ya nyaya yalikuwa kama sare yake. MGB ya mwaka 1962 ilikuwa gari la bei ndogo zaidi, ikatolewa na magurudumu ya chuma, na mnunuzi aliyetaka nyaya aliweza kuzilipia. Hata katika MGB nyaya hazikuwa ngeni, kwani gari lilikuwa la ukoo uo huo.

Lakini nimewahi kuona picha za 240Z iliyovishwa magurudumu ya nyaya. Mwenye gari bila shaka alisema moyoni: hili ni gari la michezo la zamani, na magari ya michezo ya zamani huvaa nyaya. Alikosea kwa kuyafanya magari yote ya zamani kuwa zamani moja. Mwaka 1969 ufundi wa ringi za madini mepesi ulikuwa umekwisha kuenea katika mashindano, na wachoraji wa Japani hawakuwa wakiiga magari ya Uingereza ya miaka ya 1950. Nyaya kwenye 240Z ni sawa na mwandishi wa hadithi ya mjini ya leo anayewapa wahusika wake lugha ya tenzi za kale. Maneno ni mazuri, lakini si yao.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni la kawaida zaidi, nalo ni kulivisha gari la 1969 ringi nyeusi zenye njiti nyembamba kama visu, zilizobuniwa kwa magari ya karne hii. Gari huonekana kama babu aliyeazima viatu vya mjukuu wake. Watu watacheka, na watakuwa na haki ya kucheka.

Kazi na njia

Hadi hapa nimezungumza kuhusu macho. Lakini fani isiyotumikia kazi ni pambo tupu, na wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zake zilikuwa za vumbi, mawe, na matope ya mvua za Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari la aina iyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa Zama, Japani, katika mkusanyo wa Nissan.

Ushindi huo watufundisha nini kuhusu magurudumu? Watufundisha kwamba ukuta wa tairi si uwazi wa kujazwa chuma. Gurudumu likigonga jiwe, ukuta mrefu hunepa na kuumeza mshindo kabla haujafika kwenye ringi. Ukuta mfupi hauna nafasi ya kunepa. Ringi hupigwa moja kwa moja, ikapinda au ikapasuka. Vilevile ringi nyepesi ni bora kuliko nzito, kwa kuwa uzito wa gurudumu haubebwi na springi, na gurudumu zito huchelewa kufuata mashimo na matuta. Kwa hiyo yule anayelipachika gari la Safari ringi kubwa na ukuta mwembamba analiondolea historia yake. Amelivua buti na kulivisha viatu vya arusini.

Wenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka wetu, wanatupa somo lilo hilo kwa chombo kisicho na injini kabisa. Nasema juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, ambayo hubeba magunia ya viazi na makaa juu ya mawe ya volkano. Magurudumu yake ni madogo, mazito, ya mbao iyo hiyo ya mwili, na ukingo wake umevikwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu. Hakuna aliyeyachagua ili yapendeze. Lakini mtazame mtu akiteremka na chukudu yake: mwili na magurudumu vimetoka katika mkono mmoja, na huwezi kuwazia kimoja bila kingine. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, na inastahili. Mtu aliyetaka kujua maana ya neno "kulingana" angeweza kuanzia hapo.

Uhalisi: gurudumu la kiwandani ndilo la haki?

Sasa nafika kwenye mabishano makubwa. Wapo wanaoshikilia kwamba gari la zamani halina budi kubaki na magurudumu liliyotoka nayo kiwandani. Nusu inchi ikiongezwa, wao huona ni uasi. Wapo wengine wasemao gari ni mali ya mwenyewe, naye alivishe apendavyo, maana kipenda roho hula nyama mbichi.

Wasomaji wa taarifa hii watatambua ugomvi huu. Ndio ule tuliouona katika ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid aliweka sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani yalizua mabishano ya miaka mingi kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli. Upande wa kwanza ulijua kwamba kanuni hazikutungwa kwa uonevu. Zilitokana na sikio. Upande wa pili ulijua kwamba kanuni ikifuatwa bila sikio hutoa ubeti uliokufa.

Nikiupima mzozo wa magurudumu kwa kipimo hicho, siwezi kuwapa wanamapokeo ushindi wote. Datsun 240Z lilikusudiwa liwe gari la michezo ambalo mtu wa kipato cha kadiri angeweza kulinunua. Nchini Marekani liliingia sokoni kwa dola 3,526. Ringi nyembamba ya chuma, iliyofunikwa kwa kofia, yaonekana wazi kuwa ni mahali ambapo fedha zilibanwa. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika umbo zima. Mchoraji alichora madigadi yenye nguvu, lakini kilichowekwa ndani yake ni gurudumu la gari la kwendea sokoni. Kulibadili gurudumu hilo si kumsaliti mchoraji. Huenda ni kumsaidia amalize sentensi aliyoianza.

Lakini wanaosema kwamba kila mtu na ladha yake nao hawajaponyoka. Ladha ni ya mtu. Umbo la gari si lake. Lilikuwapo kabla yake, na akilitunza vyema litakuwapo baada yake. Magari haya hayatengenezwi tena, na kila mwaka yanapungua. Mwenye gari la namna hii yu katika hali ya mhariri aliyekabidhiwa muswada wa kale: anaruhusiwa kusahihisha, lakini kila sahihisho analoliingiza lazima aweze kulitolea sababu inayotoka ndani ya muswada wenyewe. Zaidi ya hayo, asikate madigadi ili ringi pana ziingie. Ringi ikikosewa hufunguliwa kwa nati nne na kesho ikarudishwa, lakini madigadi iliyokatwa haioti tena.

Hukumu

Baada ya uchambuzi huo, nayapanga magurudumu manne niliyoyataja kwa daraja.

La mwisho ni lile la inchi 17 lenye njiti nyembamba za kisasa. Linashindwa kwa ukubwa, kwa zama na kwa kazi. Linalofuata kutoka chini ni la nyaya. Hilo ni zuri kwa nafsi yake, lakini si la ukoo wa gari hili. La tatu kutoka chini, yaani la pili kwa ubora, ni lile la kiwandani la chuma. Ni la kweli kwa historia, linafaa kwa njia mbaya, na anayelihifadhi anastahili heshima, hasa ikiwa gari lake limebaki kamili tangu lilipozaliwa. Lakini halilitoshi umbo.

La kwanza ni ringi ya madini mepesi yenye njiti nane zilizonyooka, kipenyo cha inchi 14 au 15, upana wa inchi 6 au 7, rangi ya kijivu isiyong'aa sana, na tairi lenye ukuta mrefu. Hesabu ya njiti inapatana na nati. Zama zake ni zama za gari. Unyofu wake unajibu kingo za mwili, na kijivu chake hakishindani na ule utepe mdogo wa bampa. Juu ya yote, ukilitazama gari lililovaa ringi hizo, jicho hupita juu ya gurudumu bila kukwama, likapanda kwenye mstari wa boneti na kuteremka nao mpaka mwisho. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hitimisho

Vipimo tulivyovitumia si vya gari la michezo peke yake. Ukubwa, upatanisho, zama, kazi, na haki ya kubadilisha ni maswali yanayoweza kuulizwa juu ya Corolla ya fundi wa Gisenyi, juu ya paa la nyumba, juu ya kitenge cha arusi, na juu ya shairi. Kijana anayeyajua maswali hayo ataingia dukani na kumwuliza muuzaji: tairi hili lina ukuta wa milimita ngapi? Njiti hizi ni ngapi na nati zangu ni ngapi? Barabara ya kwetu itaiacha ringi hii nzima? Huenda bado akanunua ile inayong'aa, lakini atakuwa amechagua mwenyewe.

Kwa walimu wanaotaka kujaribu, napendekeza zoezi la kipindi kimoja. Wape wanafunzi picha mbili za gari moja lenye magurudumu tofauti, uwakataze kutumia maneno "linapendeza" na "halipendezi", kisha uwatake waandike aya mbili za hukumu na sababu zake. Katika darasa langu zoezi hili limezaa Kiswahili kilichokazwa kuliko insha nyingi juu ya faida za elimu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo alilotaka kulitetea. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, lakini sheria haiwezi kuwafanya vijana waizoee kwa kubishana. Hiyo ni kazi yetu, na itakuwa nyepesi ikiwa tutaanzia kwenye mambo ambayo tayari wanabishania.

Wenzangu wasiokubaliana na hukumu yangu waandike. Nitafurahi hasa kusoma utetezi wa magurudumu ya nyaya, mradi uje na sababu.